Eufelia Montaño na Maji ya Nyusi

Mambo haya yalitokea mwaka wa theluji kubwa. La, nisije nikaanza kwa kuwapotosha: theluji kubwa ilianguka mwaka uliotangulia, ule uliovunja paa la kanisa. Mwaka ninaousema mimi ni wa elfu mbili na kumi na nane, ambao theluji ilikuwa ya kufutia miwani tu, na watu wa kijiji cha Agua Mansa walishinda majira yote ya baridi wakitazama vilele vya milima na kuguna. Ndio mwaka ambao Eufelia Montaño alisimama bwaloni na aproni yake kiunoni, akasema neno ambalo hata leo, ukipita dukani kwao, utasikia mtu akilirudia kana kwamba alilisema yeye.

Eufelia alikuwa mpishi wa shule. Mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye goti la kushoto lililoharibika tangu siku farasi alipomwangukia. Watoto wa kijiji kizima wamekula mkononi mwake, na baba zao walikula mkononi mwake, kwa hiyo hakuna mwanamume wa Agua Mansa aliyeweza kumpandishia sauti. Angejibiwa tu, "Wewe, nyamaza. Wewe ndiye uliyekuwa ukificha karoti mfukoni."

Lakini fahari yake haikuwa jikoni. Fahari yake ilikuwa kwamba tangu aolewe, hajawahi kununua nyama ya dukani. Kila Oktoba alipanda kilima cha Nyusi na bunduki ya marehemu baba yake, ile yenye kitako kilichofungwa waya, akarudi na elki, yule kulungu mkubwa wa milimani. Elki jike aliyenona hupita mtamba kwa ukubwa. Nyama yake ikijazwa kwenye friza, nyumba inakula hadi mvua za majira ya joto.

"Nyama ya dukani," alikuwa akisema, "ukiitia kwenye sufuria inatoka maji kama mgonjwa wa homa. Hiyo si nyama, hiyo ni hospitali."

Mumewe, Fermín, alikuwa dereva wa lori la kuni, mcheshi, mpiga gitaa, na damu hakuiweza hata kidogo. Akiona kuku anachinjwa, anakaa chini. Watu walipomtania kwamba mkewe ndiye mwindaji, hakukasirika. "Kwetu mimi ndiye niliyeolewa," alijibu, "na nimepata mume mzuri. Anarudi nyumbani na nyama, hanywi."

Nyusi ni kile kilima kirefu nyuma ya kijiji, chenye mstari wa misonobari juu ya mwamba, mweusi, uliopinda kama nyusi ya mtu anayeshangaa. Si mali ya kijiji, wala si ya mtu yeyote. Ni ardhi ya amana: jimbo liliiweka tangu zamani kwa ajili ya shule, na chochote inachozaa, iwe kodi ya malisho au ya kitu kingine, kinakwenda kwa watoto. Mwindaji hakuwa na haki ya kuikanyaga hivi hivi. Kila mwaka idara ya wanyamapori iliilipa ofisi ya ardhi, ndipo kila mwenye kibali cha kuwinda akaweza kupita langoni bila kumbembeleza mtu. Baba yake Eufelia, mzee Ubaldo, hakuyajua haya yote. Yeye alijua lango, njia ya mbuga ndogo, na jiwe la kukalia. Alipozaa mabinti watupu, wenzake walimwambia asubiri wakwe. Akasema wakwe wanachelewa, akampandisha Eufelia kilimani akiwa bado ana meno ya utoto.

Basi mwaka huo, redioni, Eufelia akiwa anamenya pilipili za kuchoma alizozitoa kwenye barafu, akasikia kwamba malipo yale yamepanda. Yalishapanda mara moja watu wakanung'unika wakazoea, yakapanda tena, na sasa ofisi ya ardhi ilitaka mara nyingi ya kile cha zamani, kwa sababu, msomaji wa habari alisema, ardhi ile ina thamani kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Idara ya wanyamapori ikasema mfuko wake hauna uwezo wa kulipia kila kipande. Vingine vitaachwa. Likasomwa jina la La Ceja, yaani Nyusi.

Eufelia alizima redio kwa kidole chenye pilipili, kisha kwa kusahau akajipangusa jicho kwa kidole hicho hicho. Fermín alipoingia alimkuta machozi yanamtiririka.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Ni pilipili."

"Basi mbona redio umeizima?"

Akamwambia. Fermín akavuta kiti, akakaa polepole kama mtu aliyeona kuku.

Nisikufiche, palikuwa na ardhi nyingine. Kulikuwa na ile ya serikali kuu kule kwenye majabali, ambako kijana mwenye magoti mawili hupanda tangu alfajiri hadi mchana ndipo aone kwato. Lakini kwa goti la Eufelia, Nyusi ilikuwa ndiyo ya pekee. Nyusi ikifungwa, bunduki ya Ubaldo ingetundikwa ukutani, na yeye angeingia dukani Oktoba ile akapanga foleni ya nyama ya homa, mbele ya watu aliowacheka kwa miaka. Hilo tu ndilo lililomkosesha usingizi.

Tena mtu wa kuichukua Nyusi alikuwapo tayari. Jina lake Halsted. Alikuja kutoka mashariki miaka michache nyuma, akainunua nyumba ya marehemu Gallegos pamoja na shamba lake, ambalo ndilo kubwa kuliko yote yanayonyweshwa na mfereji wa kijiji. Kazi yake ilikuwa kuwindisha wageni: matajiri wa mijini wanaolipa ili wapelekwe hadi mbele ya dume lenye mapembe, wapige, wapigwe picha. Hakuwa mtu mbaya. Aliamkia watu, alinunua tikiti za bahati nasibu ya kanisa. Ila alikuwa ameandikia ofisi ya ardhi kwamba Nyusi ikiachwa, yeye ataikodi peke yake, na lango litakuwa lake.

Ofisi ya ardhi ikaita mkutano. Katika Agua Mansa hakuna ukumbi ila bwalo la shule, kwa hiyo Eufelia mwenyewe ndiye aliyepanga viti na kuchemsha kahawa ya watu waliokuja kumnyang'anya kilima. Aliichemsha vizuri. Mgeni ni mgeni.

Aliyetumwa alikuwa Zenaida Lucero, mwanamke wa umri wa kati, mtulivu, mzaliwa wa bonde la pili kutoka hapo. Akaeleza bila kuzungusha maneno.

"Sheria inatubana, jamani. Ardhi ya amana si yangu nikaigawa bure. Ni ya watoto. Nikiiacha kwa bei ndogo wakati mwingine anatoa kubwa, nimewaibia watoto."

Kijana mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Watoto gani? Hawa hawa wanaokula elki nyumbani?"

Watu wakacheka. Zenaida hakucheka. Akageukia jikoni. "Mama Eufelia, lile jiko jipya unalopikia limetoka wapi?"

Kila mtu alijua. Jiko lile lilinunuliwa kwa fungu la amana, na Eufelia alilipenda, alilifuta kila jioni kama farasi wa arusi.

Eufelia akatoka nyuma ya kaunta akijifuta mikono kwenye aproni.

"Limetoka Nyusi," akasema. "Nalijua, mwanangu, wala silikatai. Niliungua vidole kwa jiko lingine miaka mingapi kabla ya hili? Mimi sikuja kuomba bure. Hapa hakuna aliyekuja kuomba bure. Lakini nikuulize wewe uliyezaliwa bondeni: mfereji wenu mnaulipia nini?"

Zenaida akatabasamu kidogo. "Sepetu."

"Sepetu! Sisi hapa tangu babu wa babu zetu, mtu akiwa na maji ana kazi. Mwenye shamba kubwa anachimba siku nyingi, mwenye bustani ya vitunguu anachimba kidogo, na mjane akiwa hana nguvu, mpwa wake anachimba. Hakuna aliyekunywa bure, hakuna aliyefukuzwa kwa kukosa hela. Sasa seng'enge ya Nyusi imelala chini nusu yake. Bondeni kwake watu wa mjini wametupa magodoro na friji. Mtalipa mkandarasi ayatoe, au mtayaacha. Tuandikieni kazi. Bei iliyozidi tutailipa kwa sepetu."

Ndilo neno lenyewe. Dukani wanalisema kwa kifupi: *iliyozidi, kwa sepetu.*

Makelele yakapanda. Fermín akasimama juu ya benchi, "Mmemsikia mume wangu!" Na mzee Cipriano, mnyapara wa mfereji, mtu mkavu kama ukuni, asiyejua kufanya kazi bila kuigawa, alikuwa ameshaanza kunyoosha kidole mtu hadi mtu.

"Abeyta, kipande cha kuanzia lango. Tomasita, nguzo mbili. Mpwa wako aje. Quintana, kutoka kwenye mwamba hadi mwerezi uliopigwa radi..." Akafika kwa Halsted, aliyekuwa ameegemea mlango na kofia mkononi. "Wewe, bondeni kote. Hadi pembe ya chini."

"Mimi?" Halsted akashangaa. "Kwa nini mimi nipewe kirefu kuliko wote?"

"Kwa sababu una maji mengi kuliko wote. Ulinunua shamba la Gallegos. Mferejini Gallegos alichimba kirefu kuliko wote."

"Lakini mzee, mimi ndiye ninayetaka kuikodi hiyo ardhi!"

"Hilo ni la kwako na ofisi," Cipriano akasema bila kuinua macho. "Mimi nagawa kazi."

Kicheko kilichotoka hapo kiliwaamsha mbwa wa kijiji. Zenaida mwenyewe aliinamisha uso kwenye kahawa. Alipoinuka, alisema hawezi kuahidi kitu, atawapelekea wakubwa wake.

Wakubwa walikaa na jambo lile hadi maua ya aprikoti yalipoanza kuchanua, yakaungua kwa baridi, kama kawaida yake. Ndipo jibu likaja. Kazi itahesabiwa kuwa sehemu ya malipo ya Nyusi, na lango litabaki wazi msimu mmoja, kisha itatazamwa upya. Kazi yenyewe ikatajwa: seng'enge na takataka. Basi.

Siku ya kazi watu walipanda Nyusi kama wanaokwenda arusini. Pikapu zilipangana kutoka langoni hadi barabarani. Wazee waliokuwa hawajaonekana nje tangu Krismasi walishushwa na viti vyao, wakapewa nyundo na misumari ya uma wakiwa wamekaa. Eufelia alikuja na masufuria mawili ya mahindi na nyama, nyama ya elki wa mwisho aliyebaki kwenye friza. Aliitoa yote, kwa makusudi. Alitaka kila mtu ajue kinywani mwake anafanyia kazi nini.

Halsted alikuja. Watu walikuwa wamewekeana dau kwamba atatuma vibarua, maana desturi inamruhusu. Alikuja mwenyewe, na glavu mpya ambazo zilikuwa bado zimeunganishwa kwa uzi wa dukani.

"Bwana Halsted," Fermín akamwita, "hizo zinavaliwa moja moja."

"Nashukuru, fundi. Na wewe gitaa hilo utachimbia?"

Wakaelewana tangu hapo.

Sasa lilipotokea kosa moja, na kosa lenyewe ni la watu wa mfereji tu, mwingine asingelifanya, jua lilikuwa bado halijafika utosini. Cipriano alikuwa akishuka kukagua kipande cha Halsted, akasimama. Kwenye kikunjo cha kilima, chini ya mierezi, mchanga ulikuwa na unyevu. Akainama, akachota, akanusa. Akapiga magoti, akachimba kwa mkono. Yakaja maji. Kulikuwa na chemchemi pale, ndogo, iliyozibwa na udongo wa miaka, inalia ndani ya mchanga bila kumfaa ndege.

Alivua kofia tu. Eufelia alimwona kwa mbali, akaiacha seng'enge, akaja. Kisha akaja Quintana, kisha mpwa wa Tomasita, na kufumba na kufumbua kijiji kizima kimeiacha kazi iliyoandikwa, kimezunguka lile tope na sepetu mkononi. Walichimba, wakapanga mawe, wakakata njia ya maji kwa mteremko mdogo kabisa kama wanavyokata mashambani, hadi kwenye hodhi la kale la mawe lililokuwa limekauka tangu enzi za Ubaldo.

Zenaida alipofika kukagua, alikuta seng'enge haina mtu.

"Jamani! Mnafanya nini huku? Hii haikuandikwa!"

Cipriano akamtazama kama aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Mama, maji yanapotea. Tungesimama tuyatazame?"

"Lakini sitaweza kuwahesabia kazi hii."

"Nani kakwambia uihesabu?" akasema Eufelia. Tope lilikuwa limemfika mapajani, na uso wake uling'aa kama wa bibi arusi. "Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema. Haya bado hayajamwagika. Shika sepetu, mwanangu, umevaa viatu vya kufaa."

Zenaida akatazama viatu vyake. Akatazama huku na huku kama mwanafunzi anayetoroka. Akashika sepetu. Seng'enge waliimaliza jioni, hakuna nguzo iliyobaki imelala, na magodoro yalishushwa kwa lori la Fermín. Lakini walipokuwa wakishuka, hakuna aliyezungumzia seng'enge. Walizungumzia sauti ya maji yakidondoka kwenye jiwe.

Oktoba ikaja. Eufelia alipata kibali cha elki jike, akapanda kabla ya mapambazuko, goti likimng'ata, Fermín nyuma yake na mfuko wa chapati. Hawakulazimika kufika kwenye jiwe la Ubaldo. Nyayo zilikuwa zimeujaza ukingo wa hodhi. Udongo umekanyagwa kama zizi. Wakakaa chini ya mierezi, upepo usoni.

Walikuja kwa safu, majike na ndama wao, na jike tasa, mnene, akatangulia kunywa. Alikuwa karibu kiasi cha kuona mvuke wa pua yake. Fermín alifumba macho na kuziba masikio. Akangoja. Akafumbua jicho moja.

"Mbona hupigi?" akanong'ona.

"Anakunywa."

"Naona anakunywa! Ndiyo maana nauliza!"

"Baba alisema mnyama mwenye maji mdomoni haombwi uhai. Nyamaza."

Jike likanywa hadi likatosheka, likainua kichwa, matone yakilidondoka kidevuni, likapanda mteremko taratibu. Lilipogeuka ubavu karibu na misonobari, mbali sasa, mbali kuliko Eufelia alivyowahi kupiga tangu goti liharibike, bunduki ya Ubaldo ikalia mara moja. Jike likapiga magoti, likalala. Fermín akakaa chini, ingawa alikuwa tayari amekaa.

Paja la kwanza lilikwenda kwa bibi Tomasita, maana paja la kwanza ni la nyumba isiyo na mwindaji. Eufelia alilibeba mwenyewe, katikati ya kijiji, begani, mchana kweupe, akichechemea. Angeweza kulipakia kwenye lori. Hakutaka. Watu walitoka milangoni, na Halsted aliyekuwa akinunua mafuta alivua kofia.

"Mama Eufelia, nimewatembeza wageni mwezi mzima wakalipia, sijaona pigo kama hilo wanalolisimulia."

"Njoo jioni ule," akamjibu bila kusimama. "Lete glavu zako, kuna vyombo vya kuosha."

Habari njema ingeishia hapo. Lakini majira ya baridi Zenaida alirudi, akakaa jikoni kwa Eufelia, akazungusha kikombe muda mrefu. Mimi nilikuwapo, mgeni wao, karibu na jiko, nakota moto. Akasema wathamini wa ofisi yake wamepanda Nyusi kuitazama upya kama ilivyosemwa. Wamekuta uzio mzima, bonde safi, na maji hai. Ardhi yenye maji hai, elki hawahami. Thamani yake imepanda. Na malipo ya wawindaji hufuata thamani.

Fermín aliweka gitaa chini. Eufelia alisimama na mwiko hewani. Nilidhani atalia, safari hii bila pilipili. Badala yake akacheka, kicheko cha tumboni kilichomfanya ajishike meza.

"Kwa hiyo tumeipandisha wenyewe."

"Nilijaribu kuwaeleza wakubwa, mama."

"Na lango?"

"Mkija na sepetu tena, nitawapigania. Lakini itabidi ziwe nyingi kuliko za mwaka jana."

"Zitakuwa nyingi." Akamwekea nyama ya pili kwenye sahani bila kumuuliza. "Kilima kilichokuwa cha magodoro, leo wakubwa wanakipanda kukithamini. Waambie hao wathamini walikunywa maji ya Agua Mansa." Kisha akamtuma Fermín kwa Cipriano, akamwambie agawe kazi mapema mwaka huu.

Na kweli ziligawiwa mapema, na lango bado liko wazi ninavyoandika haya, na Halsted bado ana bonde kote hadi pembe ya chini. Eufelia hajakanyaga duka la nyama. Lakini mimi habari ile ya thamani kupanda ilinikaa moyoni. Siku ile, Zenaida alipokuwa akivaa koti, nilimuuliza, naye akatazama theluji dirishani. Nikamuuliza Cipriano, akanipa sepetu ya kunoa. Nimewauliza na wengine njiani tangu hapo, wasomi na wachunga kondoo: ikiwa bei ya kupita langoni imepanda kwa ajili ya maji, na maji yameletwa na hao hao wanaolipa ili wapite, yale maji yamehesabiwa upande wa nani?